Kambisti mchana, DJ usiku: hesabu ambazo sikuzifanya

Kazi yangu ya mchana ni kubadilisha pesa. Nina kiti cha plastiki, mwavuli mkubwa na kimeza chenye mafungu ya faranga yaliyobanwa kwa mipira, katikati ya mji wa Lubumbashi. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni nahesabu noti, na vidole vimezoea kiasi kwamba vinahesabu hata nikiwa nagombana na mtu. Naanza na hili ili uone ukubwa wa aibu yangu. Mtu anayekula kwa hesabu aliingia kwenye u-DJ mwaka 2022 bila kuhesabu chochote, na ikamchukua zaidi ya mwaka kugundua kwamba usiku mwingine alikuwa anawalipa watu ili wacheze.

Sijawa DJ mkubwa na sitafuti kuwa. Napiga mara mbili au tatu kwa mwezi, Ijumaa na Jumamosi: ndoa, siku za kuzaliwa, mahari, sherehe za waliofaulu mtihani wa taifa. Nayaandika haya kwa ajili ya kijana aliyeniuliza juzi pale kwenye mwavuli, "Yaya, na mimi nikitaka kuanza nifanye nini?" (Yaya hapa kwetu ni kaka mkubwa.) Nilimjibu kwa dakika mbili kwa sababu mteja alikuwa anangoja. Jibu lenyewe ni refu.

Ilianza kwenye siku ya kuzaliwa ya mtoto wa binamu yangu, katika lupango lao (uani kwao) kule Kenya. Kenya ya hapa kwetu, komini moja ya mji huu, si ile nchi ya Nairobi. DJ waliyemwahidi hakutokea. Mimi nilikuwa na simu iliyojaa nyimbo, na jirani alikuwa na redio kubwa na waya. Tukaunganisha, nikakaa kwenye kreti la bieri nikichagua wimbo mmoja baada ya mwingine, na watu wakacheza mpaka saa saba usiku. Shangazi mmoja alikuja akicheza, akanibandika noti ya faranga 10,000 kwenye paji la uso. Wakati ule hiyo ilikuwa kama dola 5. Noti ile ndiyo iliyoniponza.

Nilikuwa na akiba ya dola 900, pesa za kuongezea mtaji. Ndani ya wiki tatu zilikuwa zimekwisha. Bafle (maboksi ya spika) mbili za inchi 15, dola 380. Ampli ya kuzipa nguvu, dola 150. Kontrola (meza ya vitufe ya kuchanganyia nyimbo) ya mkono wa pili, dola 230. Kaske (spika za masikioni), 25. Nyaya na ralonji (waya wa kurefusha umeme), 40. Zikabaki dola 75, na hizo nikazipeleka kwa mchapaji wa mabango ili anitengenezee bango lenye jina langu la u-DJ na picha yangu nimevaa miwani usiku. Bango lipo mpaka leo. Limefunika kuni za mama mkwe.

Katika orodha hiyo kitu nilichonunua vizuri ni kontrola peke yake, na hiyo nayo ilikuwa bahati. Ni DDJ-400 ya Pioneer, aina iliyotoka mwaka 2018. Ina chaneli mbili, nyepesi, na haihitaji umeme wake wenyewe, inakula kutoka kwenye mashini (kompyuta) kupitia waya wa USB. Kwa mwanafunzi inatosha kabisa. Muuzaji alikuwa na nyingine kubwa yenye chaneli nne na taa nyingi, na kama ningekuwa na pesa zaidi ningeichukua, nikabaki na vifungo visivyo na kazi. Kaka, dada, chaneli mbili zitakutosha miaka mitatu.

Bafle ndizo zilizonifundisha. Mgongoni zilikuwa na karatasi inayong'aa: "3000 W PMPO". Nikajisemea watti 3,000 mara mbili, mtaa mzima utahama. Kuna yaya mmoja wa Katuba, fundi wa sono (mitambo ya sauti) za makanisa, mtu wa maneno machache. Nilimwita aje kuzisikiliza. Hakusikiliza. Aliomba bisibisi, akafungua moja, akatoa spika nje, akaipima uzito kiganjani kama mtu anayenunua samaki.

"Sumaku yake ni hii?" akauliza.

Akanieleza kwamba PMPO ni namba ya kuuzia. Ni kile ambacho kifaa kinaweza kutoa kwa kufumba na kufumbua kabla hakijafa, tena wakati mwingine hata hicho hakikupimwa. Namba ya kuuliza dukani ni RMS, yaani nguvu ambayo spika inabeba kwa muda mrefu bila kuungua. Zangu, kwa makadirio yake, zilikuwa na watti 150 hivi kila moja. Kwa sebule ni nyingi, kwa lupango lenye watu 200 ni kelele ya mbu.

Nikajibu kwa ujinga wa kawaida: kama nguvu ni ndogo, tutapandisha. Mara ya tatu kupiga hadharani, nilisukuma kila kitu juu mpaka taa nyekundu za kontrola zikawa haziondoki. Mimi niliziona nzuri, zilikuwa zinacheza na ngoma. Saa nne na nusu nikasikia harufu, kama ya plastiki na nywele zilizokaribia jiko. Tuita (spika ndogo ya sauti nyembamba) ya bafle ya kushoto iliungua, halafu ya kulia ikafuata kabla wimbo haujaisha. Kilichobaki ni besi tupu, muziki kama unasikilizwa kutoka ndani ya pipa. Yaya wa Katuba aliniambia baadaye, kwa simu, bila hata salamu, kwamba ampli iliyosukumwa kupita uwezo wake hukata vichwa vya mawimbi ya sauti, na kinachotoka hapo huchoma tuita haraka kuliko sauti kubwa iliyo safi. Tangu siku hiyo nyekundu nikiiona nateremsha. Sauti ikiwa haitoshi, suluhisho ni bafle kubwa zaidi, na hizo siku hizi nakodi. Nakodi! Hilo neno ningelijua mwanzoni ningebaki na mtaji wangu. Hapa Lubumbashi sono ya kukodi haikosekani, na mwenye sherehe mara nyingi anaikodi mwenyewe. DJ anayeanza anahitaji kontrola, mashini, kaske na nyimbo.

Sasa kuhusu kupiga kwenyewe.

Nilijifungia chumbani miezi mitatu, kila usiku kwa saa moja, nikitazama video za watu wa Ulaya wanaochanganya nyimbo. Wanafundisha vizuri. Wanakuambia hesabu mapigo manne, halafu nane, halafu thelathini na mbili, wimbo wa pili uingie pale sentensi ya wimbo wa kwanza inapoisha. Kuhesabu si tatizo langu. Tena kontrola ina kitufe cha kulinganisha mapigo: unakibonyeza, nyimbo mbili zinakwenda pamoja. Kwa amapiano, ambayo inatengenezwa kwa kompyuta na kukaa kwenye mapigo kama 112 kwa dakika tangu mwanzo hadi mwisho, nilikuwa bingwa wa chumba kizima.

Nikaenda kwenye sherehe na rumba. Balaa.

Rumba ya zamani ilirekodiwa na watu waliokaa chumba kimoja wakipiga pamoja. Mpiga ngoma akichangamka, wimbo unaongeza mwendo, na hakuna mashine ya kumrudisha nyuma. Programu inachora mistari yake ikidhani mwendo ni mmoja, na baada ya dakika mbili mistari iko huku, ngoma iko kule. Halafu kuna seben. Wimbo unaanza taratibu, mwimbaji analia na mapenzi yake, kisha magitaa yanafungua mlango na kila kitu kinakimbia. Nilihesabu wimbo mmoja kwa vidole: mapigo 98 mwanzoni, 124 kwenye seben. Kitufe cha kulinganisha kikikuta hapo kinavuta wimbo kama lastiki, na sauti ya mwimbaji inakuwa ya mtoto. Watu waliacha kucheza, wakatazama upande wangu. Kutazamwa hivyo na watu 80 ni kitu ambacho hakuna video iliyonitayarishia.

Njia niliyoipata ni ya kizamani. Rumba na ndombolo sichanganyi kwa muda mrefu, nakata. Kila wimbo nauwekea alama mbili nyumbani, kabla ya sherehe: moja pale maneno yanapoanza, nyingine pigo la kwanza la seben, pale atalaku, mpiga kelele wa bendi, anapoanza kelele zake. Sherehe ikiwa imechemka naruka kutoka seben hadi seben, nikiingia juu ya pigo la kwanza kabisa. Kuweka alama kwenye nyimbo 400 kulinichukua majira yote ya mvua, kuanzia Novemba hadi Machi. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo iliyofanya watu waanze kuniita tena.

Lakini hapo pia nilipita kiasi. Kwenye ndoa moja, wazazi wa bibi harusi walikuwa wanacheza polepole katikati ya ukumbi, mimi nikaona uwanja umepoa, nikaruka kwenye seben. Baba mzima alitembea hadi kwenye meza yangu, mkono mfukoni, wala hakukasirika. "Mwanangu," akasema, "umenikatia maneno." Alikuwa anangoja ubeti wa pili. Mwaka 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika urithi wa binadamu, lakini mzee yule hakuhitaji UNESCO. Ule wimbo alikuwa nao tangu ujana wake, na mimi nilimkatia katikati. Saa mbili za kwanza za ndoa siku hizi siruki. Wazee wakishaondoka au wakishakaa, basi.

Ndoa yangu ya kwanza ya malipo kamili ilikuwa mtaa wa Bel-Air. Bwana harusi mtu wa hapa Katanga, bibi harusi wazazi wake wametoka Kasai. Nilikuwa na afrobeats, nilikuwa na bongo fleva, nilikuwa na amapiano ya wiki ile ile. Wakafika kwenye zawadi. Wanaojua ndoa za kwetu wanajua: familia inapanga mstari tangu mlangoni, inakuja ikicheza na masufuria, magodoro na mabahasha, na muziki ndio unaobeba mstari. Upande wa bwana ukapita vizuri. Upande wa bibi ukasimama mlangoni, ukangoja. Mimi nikaweka wimbo. Hawakusogea. Nikaweka mwingine. Shangazi mmoja, kitambaa kimefungwa kiunoni tayari, akavuka ukumbi mzima peke yake hadi kwangu.

"Papa DJ, ya kwetu iko wapi?"

Mutuashi. Sikuwa na hata moja. Katika mji ambao watu wa Kasai wamejaa kila komini! Tshala Muana, malkia mwenyewe wa mutuashi, alikuwa amefariki Desemba 2022, redio zimempiga wiki nzima, na mimi sikufikiri kumuweka kwenye mashini. Mtandao ukumbini ulikuwa dhaifu, wimbo ulichukua dakika sita kushuka. Kwa dakika hizo sita akina mama waliimba wenyewe kwa makofi, wakaingia na zawadi zao wakinipita bila kunitazama. Wimbo ulipofika, mstari ulikuwa umekwisha.

Kwa hiyo leo mtu akinipigia simu, kabla ya bei nauliza: familia zinatoka wapi? Upande wa baba na upande wa mama, zote nne. Kama kuna Wabemba natafuta kalindula za upande wa Zambia, kama kuna Wakasai mutuashi iwe kumi au zaidi, kama kuna watu wa Kivu nao wana vyao. Nauliza wimbo wa kuingilia maharusi, na naomba wanitumie faili yenyewe siku tatu kabla, maana wale wasindikizaji wamefanya mazoezi juu ya toleo moja maalumu na ukiweka lingine hatua zao zinavurugika. Naomba namba ya modereta, yaani mshereheshaji. Na nauliza jambo ambalo hakuna anayekuambia: je, mtaani kuna kilio? Niliwahi kufunga vyombo vyote, nikaweka wimbo wa kwanza wa kupima sauti, kumbe lupango la tatu wamelaza maiti. Vijana wa kilio walikuja. Walikuwa na haki.

Umeme ni sura nyingine, na hapa nitakaa kidogo.

Unajua hali. Umeme unakatika, unarudi, ukirudi unaweza kurudi na nguvu ya kuunguza. Mara ya kwanza ulipokatika nikiwa kazini nilifurahi kidogo, kwa sababu mwenye sherehe alikuwa na jenereta, grupu ndogo ya petroli. Ikawashwa. Nikaunganisha haraka ili watu wasipoe. Jenereta ikaanza kukohoa, taa zikawa zinapanda na kushuka, na ampli yangu ya dola 150 ikatoa mlio mmoja mfupi na kunyamaza milele. Mashini ilipona kwa kuwa ilikuwa kwenye betri yake.

Yaya wa Katuba akanipa utaratibu, na naufuata kama sala. Jenereta iwashwe kwanza bila kitu, iachwe dakika tano itulie. Baadaye kirekebisha umeme, kile tunachokiita regilateri. Kisha ampli ikiwa sauti imeteremshwa hadi chini. Mwisho kabisa sauti ipande pole pole. Kuzima ni kinyume chake, ampli ya kwanza kuzimwa. Friji ya bieri isiwe kwenye ralonji yangu. Hapo nimegombana na watu wengi, kwa sababu mwenye sherehe anaiona friji ni muhimu kuliko DJ, na labda ana haki, lakini kila inapoamka inavuta umeme wote na muziki unaugua. Na petroli nakagua mwenyewe. Wakiniambia "imejaa", nafungua kifuniko na kumulika kwa simu. Niliwahi kuamini neno hilo, jenereta ikazima katikati ya keki.

Mengine nitayataja haraka. Flashi: niliitwa kupiga kwa muda wa saa moja kwenye baa yenye mashine za kisasa, nikafika na flashi niliyoiandaa kwa mtindo wa NTFS, mashine hazikuisoma kabisa. Andaa FAT32, na beba mbili. Nyimbo: usipakue sauti kutoka kwenye video, kwenye simu inasikika sawa, kwenye bafle kubwa inasikika kama imeoshwa na sabuni nyingi. Tafuta faili za kilobiti 320 kwa sekunde, ambazo wimbo wa dakika nne unachukua kama megabaiti 10, hesabu nafasi yako. Mashini: zima WhatsApp. Zima. Mke wangu alinitumia sauti siku moja na mlio wake ukapita kwenye bafle mbele ya mchungaji. Poda: matokeo ya mtihani wa taifa yakitoka, waliofaulu wanamwagiwa poda nyeupe tangu kichwani, na mwenye furaha atataka kukukumbatia. Poda iliingia kwenye vitelezi vya kontrola, nikavisikia vikikwaruza mwezi mzima. Sasa nina kitambaa chenye plastiki, na matokeo yakitoka nafunika nusu ya meza.

Na masikio. Asubuhi baada ya ndoa nilikuwa nasikia filimbi nyembamba isiyoisha, nikadhani ni uchovu. Kipimo kinachopendekezwa Marekani na taasisi ya NIOSH kwa wafanyakazi kinasema desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda unagawanywa kwa mbili. Fanya hesabu kama nilivyofanya mimi nyuma ya bahasha: ukifika 100, umebakiwa na dakika 15. Ndoa zetu zinachukua saa sita. Vizibo vya masikio vya povu ni vya bei ndogo, na kaske naitoa sikioni kila ninapomaliza kutega wimbo.

Nirudi kwenye pesa, maana ndipo mahali panaponiuma.

Kosa la kwanza: mwaka 2023, mwezi wa nne, nilipatana ndoa ya mwezi wa nane kwa faranga 300,000. Siku tulipopatana hizo zilikuwa karibu dola 140. Nilipolipwa zilikuwa karibu 120. Mimi! Mtu ambaye kila asubuhi anaandika bei ya dola kwa chaki! Wateja wangu wote niliwaambia weka dola, faranga inateremka, na mimi nikasaini kwa faranga kwa sababu mama wa bibi harusi alikuwa mpole. Siku hizi napatana kwa dola, nusu inalipwa kabla, nusu iliyobaki wanaweza kulipa kwa faranga ila kwa bei ya siku hiyo.

Kosa la pili lilikuwa lile la malipo baada ya kazi. Saa tisa usiku yule aliyekuajiri amelewa, au amelala, au amekwenda kuwasindikiza wageni, na waliobaki wanakuambia, "Yaya, kesho." Kesho hiyo niliitembelea mara nne kwa teksi. Nusu ya pili sasa inalipwa kabla ya keki. Baada ya keki hakuna anayekujua.

Kosa la tatu sijui niliandikeje. Ilikuwa Bel-Air tena, malipo dola 80, nikapewa gizani nikiwa nakunja nyaya. Nikazipapasa, nikahesabu, zimetimia, nikaweka mfukoni. Asubuhi mke wangu akazitandaza mezani. Noti ya 20 ilikuwa na mpasuko mdogo pembeni, urefu wa ukucha wa mtoto. Nje ya nchi hii hakuna anayeuona mpasuko kama huo. Hapa dola iliyochanika hata kidogo haipokelewi dukani wala popote, na mimi ndiye ninayewarudishia watu noti kama hizo siku nzima nikitikisa kichwa.

Mke wangu hakucheka. Alileta kayé (daftari) ya watoto ya hesabu, ile yenye vijumba, akaandika juu ya ukurasa 80. Akaanza kuniuliza.

"Teksi ya kubeba vyombo, kwenda na kurudi?"

"Ishirini na tano."

"Petroli?"

"Waliishiwa, nikaongeza mimi. Kumi na mbili."

"Kijana wa kukusaidia kubeba?"

"Kumi. Na tulikula, tukanywa, weka nane. Na waya mmoja ulikatika, sita."

Akajumlisha. Zimetoka 61, zimebaki 19, na katika zile 80 mna noti mbovu. Noti hiyo mwenzangu wa mwavuli wa jirani aliinunua kwa dola 14, akicheka mpaka akashika kiti. Zikabaki 13. Nikasema angalau ni faida. Baada ya siku chache akaniuliza kuhusu Jumatatu iliyofuata.

Jumatatu ile nilikuwa na usingizi wa siku mbili machoni, na nilimpa mteja noti mbili za 50 badala ya moja. Alizipokea, akashukuru, akaenda. Sijamwona tena. Mke wangu akaandika 50 kwenye ukurasa huo huo, chini ya petroli. Nikamwambia hiyo si hasara ya u-DJ. Akanitazama tu, kalamu mkononi. Toa 50 kwenye 13. Watu wa Bel-Air walicheza usiku ule, na mimi niliwalipa dola 37.

Kayé hiyo tunayo bado, iko ya tatu sasa. Kila sherehe ina ukurasa wake, na mke wangu ndiye anayeandika, mimi nasoma kutoka kwenye karatasi za mfukoni. Ndiyo iliyoniambia niache kubeba bafle zangu na kukodi zilizo karibu na ukumbi, kwa sababu teksi ilikuwa inakula kuliko kodi yenyewe. Ndiyo iliyoniambia Ijumaa ina faida na Jumapili haina, kutokana na makosa ya Jumatatu. Bei yangu ilipanda kutoka 80 hadi 150, na wawili watatu walinikimbia kwa hiyo. Waliokubali ni wale wanaolipa kabla ya keki.

Jumamosi iliyopita ilikuwa Kamalondo. Zimeingia 150, zimetoka 71. Nusu ya pili nilipewa na baba wa bwana harusi mwenyewe, saa nne usiku, kabla keki haijatoka jikoni. Niliziweka kwenye meza ya kontrola, nikawasha tochi ya simu, nikazikagua moja moja, pembe nne, mbele na nyuma, wimbo ukiendelea. Akasimama ananitazama.

"Wewe ni DJ ao ni mutu wa forodha?"

"Mimi ni kambisti, papa."

Akafikiri kidogo. Kisha akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa noti ya mia, akaniuliza leo inakwenda kwa ngapi.